Fimbo Fupi

Fimbo ilikuwa fupi mno kwake. Mzee Hezron, mrefu kama nguzo ya umeme, aliiinamia kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, akaukokota mguu wa kushoto mpaka kwenye dirisha la bima hospitalini.

"Shikamoo, mzee. Huna kipindi cha mazoezi tena," alisema Brayson nyuma ya kioo, macho kwenye kompyuta.

"Marahaba. Mara ya mwisho nilikuwa nacho."

"Wamekata. Ripoti inasema unapata nafuu. Mwenye nafuu hahitaji mazoezi."

"Na Jilala wa Ivuna je? Yule hakuwa na nafuu yoyote."

"Naye wamemkata. Wamesema mazoezi hayamsaidii."

Mzee Hezron akacheka kicheko cha mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. "Kwa hiyo ukipona wanakukata, usipopona wanakukata. Aliyetunga hiyo sheria hajawahi kuanguka hata kitandani."

"Mimi natumwa tu, mzee wangu."

"Ndiyo. Hata panga hutumwa."

Foleni nzima ikacheka. Brayson akajifanya anatafuta kitu mezani.

Kadi ya bima aliipata kwa bintiye Ikupa, mwalimu kule Tunduma. Bima ilimruhusu Ikupa kuandikisha mumewe, watoto wake na wazazi wake, basi. Kwa wakubwa wa bima, ukoo unaishia hapo. Mama yake alishalala makaburini Iyula, amebaki Hezron. Na kulipa taslimu ni ndoto: kipindi kimoja kingemeza gunia la mahindi, na ghalani yalibaki ya mbegu. Alijiona kama panya aliyetumbukia mtungini. Kila upande laini, hakuna pa kukwea.

Fides, daktari wa mazoezi ya viungo, alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alisikia yote.

"Ingia, baba. Kipindi cha leo nilishakifungua kabla hawajakata. Lakini ndicho cha mwisho."

Hezron hakusubiri hata kukaa. "Basi leo nifundishe kusimama."

"Mbona unasimama?"

"Nifundishe tangu mwanzo. Kama mtoto."

Fides akaja kumshika kiuno. Mzee akainua mkono. "Usinishike. Niambie."

"Jamani mzee huyu! Kila siku maneno, maneno. Mikono yangu ina upele?"

"Mikono yako naiacha hapa hapa. Maneno naondoka nayo."

Fides akatikisa kichwa, akamwonyesha kiti, akaanza. Sogea ukingoni. Rudisha visigino nyuma. Inama mpaka pua ipite magoti. Hapo ndipo usukume, usikimbilie. Midomo ya Hezron ilikuwa ikicheza taratibu, kama mtu anayekariri katekisimu.

"Na mtu asiposimama?" aliuliza. "Akabaki amelala tu?"

"Nyonga inaganda, mguu unasinyaa. Akichelewa sana, hata sisi hatuwezi kuurudisha. Ndiyo maana nakwambia usiache, hata wao wakiacha. Nyumbani nani anakusaidia?"

"Mwanangu Jonasi alivuka mpaka kwenda Zambia, akawa hewa. Hata simu hapigi. Niko na mkewe tu, Mama Angel."

"Mlete basi nimwelekeze namna ya kukushika."

"Hawezi kuja." Mzee akatazama sakafu. "Sisi Wandali wa zamani, daktari, mkwe na baba mkwe hatugusani. Hata uso hatuonani. Yeye chumba chake, mimi changu, pazia katikati. Jina lake sijalitamka tangu siku ya ndoa."

"Mpaka leo hii? Na kanisani mnakaaje?"

"Yeye nyuma, mimi mbele. Mungu anatuona wote wawili, inatosha."

"Kina mama wa kanisa hawaji?"

"Walikuja. Kahawa ikaiva, wakaenda kuchuma."

Fides akapumua. Akaitazama ile fimbo. "Angalau nikutafutie nyingine. Hii itakuvunja mgongo. Halafu unaishika vibaya. Mguu wa kushoto ukiuma, fimbo inakaa mkono wa kulia."

Mzee Hezron akaihamisha fimbo kulia, akaikandamiza sakafuni mara moja, akaitazama.

"Kumbe," alisema. "Siku zote tulikuwa tunakosea."

"Nikutafutie ndefu?"

"Hapana, binti yangu. Hii hii. Mungu akubariki."

Lori la saruji lilimpa lifti kutoka Nanyala, likamshusha njia panda ya Iyula. Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya mibuni. Akaingia sebuleni, akaketi sakafuni penye mlango wa chumba cha pili, akaligeuzia pazia mgongo.

"Mama Angel."

"Abee, baba."

"Vipindi wamevikata. Leo tunasimama."

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Naogopa, baba."

"Hata mimi. Sogea ukingoni mwa kitanda. Rudisha visigino nyuma. Inama mpaka pua ipite magoti." Bila kugeuka, akaipenyeza fimbo chini ya pazia. "Fimbo yako hiyo hapo. Ishike mkono wa kulia, siyo kushoto. Sasa sukuma, mwanangu. Usikimbilie."

Kitanda kikalia. Fimbo ikagonga saruji, ikanyamaza, ikagonga tena, ikija upande wa mlango. Na Mzee Hezron akaruka wima kwa miguu yake miwili mizima, akatoka nje mbio kumpisha.