Paka wa Pili

Mtunza wanyama aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, nyuma kabisa ya boksi, na paka wadogo wakatawanyika huku na huku. Msichana wa miaka tisa aliyechuchumaa mbele yao naye akaruka.

"Pole, binti. Ndivyo tunavyowapima," mtunza akasema. "Anayerudi upesi kuchungulia ndiye jasiri. Huyo ndiye atakayekufaa."

Alikuwa na sababu. Paka wa kwanza waliyempa mtoto huyu alirudishwa siku ya nne, amebaki mifupa mitupu. Alijibanza chini ya kabati, hali, hatoki. Na kituo hicho cha wanyama kilikuwa na kanuni moja isiyo na mjadala: ukirudisha mara mbili, hupewi tena.

"Yule alikuwa mwoga wa kuzaliwa," mama mtu akasema, macho yake kwenye saa ya ukutani. "Kwetu kumetulia. Tuko watatu tu."

Paka mwekundu alirudi wa kwanza. Akapanda kiatu cha msichana, akaanza kuing'ata kamba.

"Huyo huyo, mwanangu!" mama akafurahi. "Si unaona amekupenda mwenyewe?"

Lakini msichana alikuwa akimtazama paka mweupe, aliyelala kwenye kona ya boksi. Hakukimbia. Hata jicho hakufumbua.

Mtunza akacheka. "Mchagua nazi hupata koroma! Huyo si jasiri, binti, ni kiziwi. Utamwita mpaka koo likauke. Wiki ya sita hii yuko hapa, kila mtu anampita."

"Gonga tena."

Msichana aliziba masikio yake kwanza. Mtunza akagonga, safari hii kwa nguvu zote. Mweupe akakoroma.

"Nampeleka huyu."

Mama alimshika bega. Alitaka kukataa, na hakujua akatae kwa neno gani. Mtoto akilia kwa ajili ya pipi unajua la kumwambia; huyu hakulia, alisimama tu akingoja.

"Utacheza naye vipi, mwanangu, naye hakusikii?"

Msichana alimpakata mweupe, akamfunika kwa sweta yake, akasogea karibu ili mtunza asisikie.

"Mimi si lazima anisikie, mama. Baba akianza kukupiga, huyu hatajua unavyolia."