Ghala la Milango Mitatu

Zamani wanyama walikuwa na ghala moja la nafaka, lenye milango mitatu. Kindi, Komba na Nguchiro waligawa chakula, kila mmoja mlangoni pake. Kabla ya kuchota, kila mmoja aliwaita wenzake, wasije wakagawa fungu moja mara mbili.

Kindi, mwepesi kuliko wote, alichoshwa na kuitana huko. Akahamishia nafaka yake kwenye pango la mti, akawa anagawa peke yake, haraka, na wanyama wakamsifu mpaka kichwa kikamvimba.

Mvua kubwa ikaangusha tawi, likaziba pango na kumtegua Kindi mguu. Wanyama waliokuwa wakigawiwa naye wakabaki nje, watoto wanalia njaa.

Siku hiyohiyo akasikia Komba ana homa. Akachechemea hadi ghalani, akitarajia kukuta kilio kama cha kwake. Hakukuwa na kilio. Wanyama wa Komba walikuwa wamehamia mlango wa Nguchiro, nao wanapata.

"Na wangu utawapokea?" Kindi akamuuliza Nguchiro kwa sauti ndogo.

"Walete upesi, ndugu yangu. Nafaka ni yetu sote."

Kindi akawaleta, kisha akapanga foleni nyuma yao.