Mota Nyuma ya Ukuta

"Washa!" Wekoye aliuambia ukuta.

Ukuta ukatii. Mkanda uliopita kwenye tundu lake ukaanza kukimbia, mbao ikazunguka, naye akashika patasi na kuendelea kuchonga mguu wa tatu wa kitanda cha mama mkwe.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Lakini mkwe wa Kibukusu hamtazami mama mkwe wala hamsemeshi ovyo, na fundi huyu wa Matisi hakuwa mtu wa kuvunja miiko. Kwa hiyo alisema na ukuta. Mama akisikia, abonyeze swichi. Basi, hakuna aliyesemeshwa.

Mota ilikuwa huko huko kwa mama. Wekoye aliitoa kwenye mashine ya kufulia aliyoipata kwa wauza vyuma vikuukuu, akaifunga chumba cha nyuma isiingie vumbi la mbao, kando ya baiskeli ya mkewe na magunia ya mahindi. Halafu mama akafika kutoka Bungoma bila taarifa, akapewa chumba hicho hicho na godoro la sakafuni. Tangu hapo Wekoye hakukanyaga humo.

"Mota ya kufua nguo itachonga nini, bana?" mama alimwuliza binti yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Jumapili nikiamkia chini, narudi Bungoma. Na wewe upange nguo zako, tunaenda wote."

Wekoye alimpenda Phelista wake, na alijua mama hatanii. Akaogopa kwelikweli.

Jumatatu mota ilitoa moshi, ikanyamaza. Wekoye aliinamisha kichwa akaomba. Phelista alijitwika kikapu kizito akaenda zake Kanduyi, ati kumwona binamu yake Khisa.

Jumanne asubuhi Wekoye aliuambia ukuta, "Washa," bila matumaini. Mkanda ukakimbia!

Tena ilikuwa kama mota nyingine kabisa. Haikunuka moshi, haikunguruma. Ilikuwa tu na tabia zake: saa nne ilipoa mpaka jirani yao Roselyne apeleke uji chumba cha nyuma, ndipo ikachangamka. Adhuhuri ilipumzika. Jioni, Wekoye angeweza kuapa, ilikuwa ikiimba pambio.

"Mashine za ng'ambo zina dini," alimwambia Roselyne.

Roselyne alikohoa ndani ya leso yake. "Si ni Mungu tu," akasema, akaondoka mbio na bakuli lake.

Ijumaa, mguu wa nne ukiwa nusu, Phelista aliingia karakana na kikapu chake kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Mkanda ulikuwa ukikimbia.

"Pole na safari, Mama Joan!" Wekoye alimwita kwa furaha. "Umeona? Mota imepona yenyewe!"

"Haijapona, Baba Joan. Khisa amehangaika nayo siku tatu, anasema imeungua kabisa."

Akatua kikapu, akaitoa mota, akaiweka mezani mbele ya mumewe.

Mbao iliendelea kuzunguka.

Nyuma ya ukuta, kengele ya baiskeli ililia mara mbili.

"Phelista, umefika? Hebu ambia huo ukuta umalize mguu wa nne haraka. Yangu miwili imeisha."