Paja la Mrithi

"Mguu mzima ndio mliomkata!" Nana Dufie alifoka, akaipiga meza ya mtaalamu wa mazoezi kwa kiganja. "Mfupi ni wa kushoto. Mmeuacha wenye kasoro, mkapasua wa watu mzima!"

Kwa mara ya sita Twumasi, mtaalamu huyo, alimweleza. Daktari alipunguza mfupa wa ule mrefu, upana wa vidole viwili, ili miguu ilingane. Misuli ya paja ikabaki imelegea, lakini mazoezi huirudisha.

"Mashine inaonyesha nguvu imesharudi, Nana. Ila akitembea bado anachechemea. Hata mimi sielewi."

"Basi mashine yako ndiyo kilema!"

Agyenim, mtoto wa marehemu mdogo wa Dufie, alikuwa kitandani akiinua mfuko wa mchanga kwa mguu. Jasho lilimtiririka.

Kigoda cha uchifu kilikuwa wazi mwaka mzima, na mila haimkalishi mtu anayechechemea. Ijumaa Agyenim angepita mbele ya wazee. Akivuta mguu tu, kigoda kinakwenda kwa akina Boadu, watu waliomcheka Dufie usoni tangu usichana wake.

"Mama mkubwa," Agyenim alisema njiani, "si unirudishe tu Takoradi, kwenye gereji yangu?"

"Gereji! Chifu mzima, Nana, alale chini ya magari? Funga mdomo, utembee!"

Ijumaa ngoma zikalia. Agyenim alipiga hatua tatu safi. Ya nne akayumba, ya tano akauburuta mguu kama gogo. Wazee wakatazamana. Kabla ya adhuhuri kijana wa akina Boadu alikuwa ameshapakwa poda nyeupe ya uchifu, na wanawake wa kwao wanapiga vigelegele.

Dufie alirudi nyumbani. Miezi minane ya kumkanda, kumpikia supu, kuwapigia wazee magoti! Akamkuta Agyenim uani anakula, tena anakula kwa raha zake.

"Unakula? Umenivua nguo mbele ya mji mzima, halafu unakula?"

Akanyakua mchi wa kutwangia fufu na kumwendea mbio.

Agyenim alitupa bakuli, akaruka mtaro mpana kama kitanda, akazipanda ngazi za kanisa la jirani tatu tatu, miguu yote miwili sawasawa.