Uyoga wa Ugenini

Mtaalamu aliyekuja Makere kuorodhesha uyoga wa asili aliuchimbua ule aliokuwa akichuma Ghati. Shina lilitoka na kikombe cheupe kilichozama udongoni.

"Dada, wenye kikombe hiki unaua! Mmeshaula?"

Kwao Tarime, Ghati alizoea kukata juu kwa kisu. Kikombe hicho hakuwahi kukiona. Na kapu la kwanza alikwishalituma nyumbani, binti yake apike.

Alikimbia, kanga ikabaki miibani.

Jikoni moshi ulimpiga usoni. Binti alikuwa amepiga magoti akipuliza mafiga, macho mekundu, sufuria bado ya baridi.

"Mama, usinichape! Kuni mbichi, moto umegoma."

Ghati akaketi chini pale pale.

"Acha ugome, mwanangu. Acha ugome."