Kiti Kilichosimama na Mchungaji

Mchungaji alisimama kuomba, na kiti nacho kikasimama naye.

Kanisa zima liliona. Mashemasi wawili walikivuta, lakini vanishi iling'ang'ania sulu yake, ile shuka ya kiunoni, kama ulimbo, mwisho kitambaa kikachanika pale pasipostahili kuchanika. Watoto walicheka, kwaya ikacheka, na Filimone, fundi aliyekitengeneza, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kiti kile kilikuwa mtihani wake. Kikipendeza, mabenchi yote ya kanisa jipya angeyachonga yeye, kama baba yake alivyochonga yale ya zamani. Kikiharibika, kazi ingepelekwa kwa mafundi wa mjini Suva.

Jumanne alikwenda kuomba radhi kwa desturi. Aliketi mkekani, kichwa chini, jino la nyangumi mikononi, mbele ya mchungaji na Ratu Vereniki, mkuu wa kijiji. Kiti chenyewe kilikuwa pale katikati, nyuzi za sulu bado zimekigandia. Loo, aibu gani hiyo!

Isoa, shemeji yake, alikuwa mtani wake pia, na mtani hana huruma.

"Shemeji, hiki ni kiti au mtego wa panya?" Watu wakaangua kicheko. "Hata mtoto anajua: unapaka mafuta ya kitani, unaiacha mbao iyanywe, ikauke, ndipo unaweka vanishi. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nilikosa subira," Filimone alisema.

"Wewe? Wewe unayengoja chai ipoe mpaka nzi wakutangulie kunywa?"

Isoa akakibonyeza kiti, akanusa kidole. "Mbona kinanukia nazi?"

"Nani humu hanukii nazi?" Filimone alidakia upesi, jasho likimtoka. "Kosa ni langu. Nilipaka vanishi mafuta hayajakauka. Basi."

Ratu akalipokea jino la nyangumi. Watu wakapiga makofi mazito, kuonyesha kwamba kosa limesamehewa.

"Lakini mabenchi yatatoka Suva," Ratu alisema bila kumtazama. "Na baba yako angekuwapo, angeona haya."

Maneno hayo yalimchoma Filimone kuliko vicheko vyote vya Jumapili.

"Naomba jambo moja tu, Ratu. Habari hii mama asiisikie."

Wanawake waliokaa mlangoni walitazamana. Mwanamume mzima, wakanong'ona, na ndevu zake, anamwogopa mama yake! Hata Isoa alimwonea haya, akaacha utani.

Mama yake, Akisi, miguu ilishamgomea, hakuwa mtu wa kutoka nje. Filimone alimkuta amejilaza kando ya dirisha, mahali kile kiti kilipowekwa kikauke siku zile. Uzee ulikuwa umemletea na usahaulifu, akauliza lile lile aliloliuliza jana.

"Mchungaji alikikalia?"

"Alikikalia, Mama. Hata kuinuka hakutaka."

Akisi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwashiria mwanawe asogee, akamshika mkono kwa viganja vyake laini.

"Nikwambie siri? Usinikasirikie. Kila jioni ulipokwenda kuoga, kabla hujaanza hiyo vanishi yako, nilikuwa nakisugua kwa mafuta yangu ya nazi. Viti vya baba yako vyote niliving'arisha hivyo hivyo. Sasa mabenchi nayo uniletee humu ndani, nikusaidie."

"Kumbe ni wewe, Mama!" Filimone alisema, akijitahidi kushangaa kama alivyoshangaa Jumapili, alipoambiwa mara ya kwanza.