Kadi ya Garanti

"Papa Djibril, iko na garanti!" mama mmoja mteja alitangaza kabla hata ya kuitua televisheni mezani. "Inaonyesha tu mustari moja. Watu ba habari banakonda!"

"Banakonda sawa sisi, mama," Djibril alimtania.

Duka alilolifanyia kazi liliporwa mwaka uliopita, hata milango ikabebwa. Siku hizi alitengeneza vyombo vya watu barazani kwake, mtaa wa Panda. Lakini mama aliichomoa kadi ya dhamana kifuani kana kwamba ni picha ya mjukuu.

"Mutoto wangu alinipatia hii mbele ya kwenda Zambia. Alilipa yote ku duka lenu. Hajanitumia hata barua, lakini eko mutoto muzuri."

Djibril akaigeuza kadi. Mahali pa saini ya duka palikuwa peupe. Saini hiyo ilipaswa kuwa yake: hakuna televisheni iliyouzwa pale bila mkono wake.

Mama alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Kuko shida?"

"Shida iko yangu mwenyewe, mama," Djibril alisema, akiitoa kalamu sikioni. "Siku mutoto wako alikuja kulipa, nilisahau kutia saini."